Mwanamke Aliyeidanganya Sengu

Mwaka wa 1954 kahawa ilikuwa na bei nzuri kuliko mwaka wowote ambao watu wa Matiri waliukumbuka, na balaa lao lilianzia hapo hapo. Kabla ya hapo nani angejisumbua kumtishia Mmatengo? Angemnyang'anya nini, maharage? Lakini kahawa ilipoanza kuleta mabati na baiskeli, walitokea vijana watano waliorudi kutoka mashamba ya mkonge huko Tanga, wamevaa kofia za pama, hawataki kushika jembe. Walijiita Walinzi. Mkubwa wao alikuwa Wendelini, mtu mwenye sauti ya upole na adabu ya kumwamkia kila mzee aliyekutana naye njiani. Shikamoo yake iliwatia wazee baridi.

Kazi yao ilikuwa rahisi. Kila nyumba itoe madebe mawili ya kahawa kavu kwa msimu, nao watalinda mibuni isikatwe. Isikatwe na nani? Na wao wenyewe, na nani tena! Aliyekataa aliamka akakuta mibuni yake imelazwa chini mstari mzima, imekatwa kwa panga usawa wa goti. Mbuni unakaa miaka mitatu, minne, ndipo uzae. Mtu aliyekatiwa mibuni alikuwa amekatiwa ada ya shule, amekatiwa mahari ya mwanawe. Watu walikwenda kwa jumbe. Jumbe akaandika majina kwenye karatasi, akaahidi kuipeleka boma Songea, na wiki hiyo hiyo mibuni yake mwenyewe ikafyekwa. Karatasi ile haikuvuka hata kilima cha kwanza.

Kisha akatokea Mansuetus, mtu mbishi tangu utoto, akawafukuza Walinzi uwanjani kwake kwa mpini wa jembe. Watu walicheka siku mbili, wakamsifu. Siku ya tatu nyumba yake iliungua, yeye na mkewe wako kanisani, na ndani alikuwemo mama yake mzee asiyeweza kutembea. Baada ya hapo hakuna aliyecheka, na hakuna aliyebisha.

Verediana alikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha yule bibi. Hakuwa mtu wa huku mlimani. Kwao ni Lituhi, ziwani. Pankras alimpata alipokwenda kununua samaki, wakafunga ndoa mbele ya padre, akapanda naye mlima na sanduku moja la mbao. Miaka kumi na sita sasa. Alikwisha kujifunza kulima ngoro, kulaza majani kwa mistari na kuyafukia mpaka kilima kizima kijae mashimo, na mikono yake ilikuwa migumu kama ya mwanamke yeyote wa Matiri. Alikuwa na watoto watatu: Avelina wa miaka kumi na tano, Ignatio wa saba, na Domitila wa minne. Alikuwa mkali wa ulimi, mwepesi wa kucheka, na tangu siku alipomwosha yule bibi, hakucheka.

Jambo moja la huku mlimani halikumwingia sawasawa, nalo ni sengu. Sengu ni kibanda cha ukoo nyumbani kwa mzee, pale wanaume wa nyumba zote hukusanyika kula. Kila mke hupika kwake, hupeleka chakula chake, na wanaume hula pamoja, sahani hii na hii, huku wakisema ya siku hiyo. Nani anaumwa, nani anasafiri, nani amegombana na mkewe, yote husemwa pale. Anayekula peke yake nyumbani ana jambo baya analolificha, na anayeficha jambo, basi mchawi huyo. Hivyo ndivyo walivyofundishwa. Sengu ya kina Pankras ilikuwa ya baba yake, Mzee Urbani, na walikula pale wanaume kumi na wawili.

"Kwetu ziwani mtu akiwa na siri analala nayo," Verediana alikuwa akimtania mumewe zamani. "Ninyi huku mnaichanganya kwenye maharage."

Pankras alicheka tu. Alikuwa mtu mnyoofu, asiyejua hata kudanganya bei ya mbuzi.

Mwezi wa tisa Wendelini alikuja nyumbani kwao mchana kweupe. Aliamkia, akapewa kigoda, akanywa maji. Akamtazama Avelina aliyekuwa akianua kahawa kwenye mkeka.

"Msimu huu kwenu sitaki madebe," alisema. "Nataka tuwe ndugu. Binti huyu amekua. Mtanipa."

"Bado anasoma katekismu," Verediana alisema. "Hajapata hata kipaimara."

"Mama, sikuuliza," alijibu Wendelini, kwa upole ule ule. "Mwezi ukiandama nakuja kumchukua. Mansuetus naye alikuwa na maneno mengi."

Akashukuru kwa maji, akaenda zake.  Pankras alibaki ameshika mlango. Avelina aliendelea kuanua kahawa, lakini punje zilikuwa zinamwagika nje ya ungo, na hakuziokota.

Usiku ule Verediana aliamua, na asubuhi akamwambia mumewe: mtoto aende Lituhi kwa mjomba wake Nathanieli, mvuvi mwenye mtumbwi wake. Akifika ziwani, Nathanieli atajua pa kumpeleka, ng'ambo au kusini, kokote.

"Sawa," Pankras alisema. "Nitamwambia baba pale sengu, atubariki safari."

"Baba Avelina, umerukwa na akili? Pale wanakula wanaume kumi na wawili. Wewe unajua nani kati yao analipa debe moja badala ya mawili, na kwa nini?"

"Ni ndugu zangu."

"Na yule bibi aliyeungua alikuwa mama wa mtu."

 Pankras akasema, polepole, kama anayesoma somo: "Siwezi kula nao na mdomo umefungwa. Wataniona usoni. Nikificha safari ya mtoto na likitokea la kutokea, tumekwisha, mama. Tutaitwa wachawi."

Basi Verediana akatazama uso ule wazi wa mumewe, akaona ukweli: huyu hawezi. Na kwa kuwa hawezi, akaamua kumdanganya yeye. Alimwambia mtoto ataondoka Jumamosi alfajiri, kwa njia ya kijito, akitokea kwa shangazi yake Gertruda upande wa pili wa bonde, ambako atalala Ijumaa ili kuaga. Pankras akaikubali habari hiyo, na jioni akaipeleka sengu.

Lakini Avelina aliondoka Ijumaa mchana. Siku hiyo wanaume walikuwa wamealikwa kulima ngoro za jirani, na pombe ilikuwa nyingi. Wanawake wa ziwani waliokuwa wamepanda kubadilisha usipa, dagaa wa kwao, kwa mahindi walikuwa wanateremka kurudi kwao, na mmoja wao, Winifrida, alikuwa binamu yake Verediana. Verediana alimvika bintiye kaniki kuukuu, akamtwisha tenga la mahindi, akampaka mikono na shingo maji ya dagaa mpaka akanuka kama soko zima. Avelina alitaka kulia.

"Lia ukifika Lituhi," mama yake alimwambia. "Hapa nenda. Usigeuke nyuma, na ukiamkiwa itikia Kinyasa."

Alipita mbele ya Mlinzi mmoja aliyekaa dukani, tenga kichwani, katikati ya wale wanawake, na yule kijana alijifinya pua tu. Verediana aliwatazama kutoka shambani mpaka walipoinamia bonde. Moyo ulimuuma, na wakati huo huo alijisikia mjanja. Ndiyo, alijisikia mjanja! Jioni akamwambia Pankras mtoto yuko kwa Gertruda, akapika, akapeleka chakula sengu kama kawaida, akalala.

Jumamosi asubuhi, jua limekwisha kutoka, alikwenda kuazima mchi kwa Notburga, mke wa Blasius. Blasius alikuwa mdogo wake Pankras, seremala, mtu wa mizaha, shemeji aliyempenda kuliko wote.

"Shemeji yupo?"

"Ametoka alfajiri," alisema Notburga. "Hujui? Jana sengu ilimchagua yeye amsindikize mwanao. Amekwenda kumngoja pale kijitoni."

 Miaka kumi na sita! Miaka kumi na sita amewapikia wanaume wale, na alikuwa amesahau kitu ambacho mtoto yeyote wa Matiri anakijua: sengu ikishaambiwa safari ya msichana, haimwachi aende peke yake. Inatoa mtu. Ndiyo maana inaambiwa. Yeye alifikiria midomo yao tu, hakufikiria miguu yao.

Alikimbia. Alikata katikati ya ngoro za watu, akiruka mashimo, akianguka, akiinuka, akiliita kwa kelele jina la Blasius wakati bado yuko mbali mno kusikika. Alipofika kijitoni hapakuwa na mtu amesimama. Blasius alikuwa amelala nusu majini, kofia yake imezolewa na mkondo mpaka kwenye mawe. Walinzi walikuwa wamempiga kwa mipini na kwa panga. Walikuwa wamemngoja msichana, akaja mwanamume, na walipomuuliza yuko wapi hakuwa na jibu, wakadhani anamficha.

Alikuwa bado anapumua. Verediana alimvuta akampakata.

"Shemeji," Blasius alisema. "Nimemngoja. Hakuja."

"Najua, shemeji. Najua. Nyamaza."

"Wamemchukua?"

"Hawajamchukua. Yuko salama."

Sijui kama alilisikia hilo la mwisho. Verediana mwenyewe hakujua, na lilimsumbua maisha yake yote.

Walimzika Jumapili. Askari watatu walikuja kutoka Songea, wakaandika, wakauliza, na Walinzi walikuwa wamekwisha kuingia msituni. Watu walisema wamekwenda upande wa Mto Ruvuma. Wengine walisema wako karibu tu, wanalishwa na ndugu zao. Wote wawili, aliyesema hivi na aliyesema vile, walifunga milango jua likiwa bado juu.

Siku ya tatu ya matanga Verediana alikuwa shambani akichuma kahawa iliyoanza kudondoka, kwa sababu kahawa haingoji kilio cha mtu. Pankras akamfuata. Alikuwa amekonda ghafla. Alishika tawi akalichuma vibaya, mbichi na mbivu pamoja.

"Mama Avelina. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko salama."

"Niambie mimi. Mimi tu. Yuko Lituhi, au Nathanieli amemvusha?"

"Unataka kujua ili iweje?"

"Ili yaishe!" alisema kwa nguvu. "Akimpata yataisha. Amesema hatagusa mtu mwingine. Anangoja jibu langu."

 Verediana aliweka kikapu chini.

"Nani anangoja jibu lako?"

Pankras akaona alichokisema. Akachuchumaa pale pale chini ya mibuni, akajifunika uso, na maneno yakamtoka hovyo. Wendelini alimkuta peke yake shambani, siku mbili baada ya kunywa yale maji. Alimwambia: ukimficha binti, nitachoma nyumba, na wale wadogo wawili wakiwa ndani, na mlango nitaufunga kwa nje. Pankras alikuwa amemwona mama wa Mansuetus alivyotolewa. Mkewe alikuwa amekwisha kumwambia Jumamosi, njia ya kijito, basi naye akamwambia Wendelini.

"Nilihesabu," alisema. "Mmoja au wawili. Na yule mmoja hauawi, anaolewa tu. Angeishi, mama. Wangekuwa hai wote watatu."

"Na Blasius?"

"Sengu ilimtaja Ijumaa jioni. Nilikuwa nimekaa pale. Ningesema nini? Ningesema asiende, wangeniuliza kwa nini." Alianza kulia kwa sauti. "Nilidhani atakimbia. Ni mdogo wangu, najua mbio zake. Nilidhani atakimbia."

Verediana alimchukia. Alimchukia mpaka akalitazama panga lililolala kando ya kikapu, akaliogopa. Na papo hapo alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimuudhi kuliko chuki. Mtu huyu aliyelia chini ya mibuni alikuwa anataka kitu kile kile alichokitaka yeye: watoto wake waamke asubuhi. Yeye aliwalinda kwa uongo. Mumewe aliwalinda kwa kuwapunguza. Na Blasius, ambaye hakudanganya mtu wala kumuuza mtu, yuko chini ya udongo.

"Inuka," alimwambia. "Usimwambie mtu. Ukimwambia mtu, ndugu zake Notburga watakuua kabla askari hawajafika, na wanangu watakuwa watoto wa aliyemuuza ndugu yake. Kwa Wendelini sema mkeo hasemi. Sema umenipiga na sisemi."

"Na Avelina?"

"Alipo Avelina hakuna atakayejua mpaka Wendelini awe kaburini au gerezani. Wewe hutajua kabisa."

Jioni ya siku ya saba aliitwa sengu. Mwanamke hakai sengu. Alikalishwa chini, nje ya kibanda, pembeni ya mlango. Gertruda alikuwa amekwisha kusema yake: Avelina hakufika kwake Ijumaa, hakulala kwake, na hakuwa na habari yoyote ya kuagwa. Wanaume kumi na mmoja walikaa. Nafasi ya Blasius iliachwa wazi.

Mzee Urbani alikuwa mtu wa haki, nasema hivyo bila kusita, na siku ile alikuwa baba aliyezika mwanawe.

"Binti yangu," alisema, "ulituambia Jumamosi?"

"Niliwaambia Jumamosi, baba."

"Ilikuwa kweli?"

"Haikuwa kweli."

Wanaume waliguna. Mzee aliinua mkono.

"Mwanangu alikwenda kumngoja mtoto ambaye ulijua hatakuja. Haya. Mama anaweza kuogopa, nalijua hilo. Sema basi hapa, mbele ya sengu: mtoto yuko wapi? Ulimwogopa nani kati yetu? Ukisema, tutakuelewa. Tutakula pamoja."

Jamani, ilikuwa rahisi kiasi hicho. Verediana aliinua macho. Alimwona Mansuetus, naye mtu wa sengu ile, aliyeunguliwa na mama yake, akimtazama kwa uchungu. Aliwaona wale mabinamu wawili ambao hakuwahi kujua wanalipa madebe mangapi. Alimwona Pankras amekaa mkono wa kulia wa baba yake, akitazama kidole gumba cha mguu wake. Nyuma yake, kwenye ua, alimsikia Domitila akimwomba Ignatio ambebe. Akisema mtoto bado yuko Lituhi, neno litafika msituni kabla ya kesho. Akimtaja Pankras, wale wawili wa uani hawatakuwa na baba, wala ukoo, wala jina.

"Sisemi, baba," alisema.

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

Mzee alimngoja. Alimngoja muda mrefu, na wengine wanasema machozi yalimtoka. Kisha akatoa hukumu: kwa kuwa ndoa ni ya kanisa, hafukuzwi, lakini chakula chake kisiletwe tena sengu, moto wake usiazimwe, na wakati wa kilio au arusi akae peke yake. Hakulitaja neno mchawi. Hakuna aliyehitaji kutajiwa.

"Pankras," aliuliza mwishoni, "wewe ndiye mumewe. Una neno?"

"Sina neno, baba," alisema Pankras.

Wendelini alikamatwa mwaka uliofuata huko Mbamba Bay akitaka kupanda meli, kwa kosa jingine kabisa, la kumchoma kisu mtu wa duka hadi kufa, akanyongwa kwa hilo. Habari ya Blasius haikufika mahakamani. Avelina alikuwa Lituhi muda wote ule, amefichwa nyumba ya nne kutoka kanisani. Aliolewa na mvuvi wa Kianglikana, na padre wetu akanung'unika, na Verediana akamwambia padre anung'unike vizuri. Mlimani watu walipomwona msichana yuko hai walisema: kumbe kweli alimficha, na Blasius akafa bure. Hukumu haikubadilika. Verediana alilima, alivuna, alisomesha, alipika chungu kidogo akala na wanawe. Pankras alikula sengu, kutoka sahani za wake wa wenzake. Ndani ya nyumba walisemezana habari za mbegu na mvua.

Pankras alikufa kwa kichomi mwishoni mwa mwaka 1960. Ukoo wote ulikuja, na Avelina alipanda kutoka ziwani na mtoto mgongoni. Verediana alisimama nyuma, peke yake, hatua ishirini kutoka kwa watu, kama ilivyoamriwa. Mzee Urbani, ambaye sasa alikuwa haoni vizuri, aliongozwa mpaka kwenye kaburi la mwanawe wa pili kuzikwa, akasema machache. Alisema mwanawe alikuwa mvumilivu kwa mkewe. Alisema katika maisha yake yote Pankras hakuwahi kuificha sengu jambo hata moja.

Watu wakaitikia amina. Verediana naye akaitikia.